Gamba la kaa na mfupa wa mtoto: Kila kiunzi kina gharama yake

MVUVI anayetega kaa katika mikoko ya Mida, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, hamwamini kaa kwa kumtazama tu. Humgeuza chali, akambonyeza gamba la tumboni kwa kidole gumba. Gamba likiwa gumu kama jiwe, kaa huyo amejaa nyama na bei yake itakuwa nzuri. Likibonyea, kaa ni mtupu: ndani mna maji mengi kuliko nyama, na mnunuzi ama atamkataa ama atamnunua kwa bei ya chini.

Kaa huyo mtupu si mgonjwa. Amefanya tu jambo ambalo kila kaa hana budi kulifanya ili akue. Amelivua gamba lake lote, akalitupa, na sasa anangoja jipya likomae. Ndiyo sababu wafugaji wa kaa katika Pwani ya Kenya huwaweka kaa wa aina hiyo vizimbani kwa majuma kadhaa, wakiwalisha mabaki ya samaki hadi wajae, ndipo wakawapeleka sokoni.

Msingi wa biashara hiyo ni mojawapo ya tofauti kubwa kabisa katika maumbile ya wanyama. Wapo wanaobeba kiunzi cha miili yao nje, kama kaa, nzige, nge na jongoo. Wapo wanaokibeba ndani, kama samaki, kuku, ng'ombe na binadamu. Kila mpango una faida yake, na kila mpango hudai malipo.

Kazi moja, mahali tofauti

Kiunzi, kiwe cha ndani au cha nje, kina kazi tatu kuu. Huupa mwili umbo lake usiporomoke kama gunia tupu. Huilinda mioyo, mapafu, bongo na viungo vingine laini. Tena huipa misuli mahali pa kujishikiza, kwa kuwa msuli usio na kitu kigumu cha kuvuta hauwezi kuinua mguu wala bawa.

Tofauti ya mipango hii miwili huonekana wazi mezani. Anayekula paja la kuku huanza na nyama, kisha akabaki na mfupa mkononi. Anayekula kaa huanza kwa kuvunja gando, ndipo akaifikia nyama iliyofichwa ndani. Misuli ya kuku imeuzunguka mfupa kwa nje, ilhali ile ya kaa imejishikiza kwenye ukuta wa ndani wa gamba. Miguu ya wote wawili hujikunja penye viungo, lakini mmoja amejengwa kama mti uliozungukwa na udongo, na mwingine kama nyumba yenye wenyeji ndani.

Gamba la wadudu na jamaa zao hutengenezwa kwa khitini, dutu ngumu lakini nyepesi, iliyochanganywa na protini. Kaa na kamba huongezea chumvi za kalsiamu, na hiyo ndiyo sababu magamba yao ni mazito na magumu kuliko ya panzi. Kwa wanyama wa nchi kavu, gamba hilo lina faida nyingine: kwa juu lina utando mwembamba wa nta unaozuia maji ya mwili yasipotee. Bila utando huo, nge asingeweza kuishi katika jua kali la Turkana au Wajir.

Mpango huu umefaulu sana. Wanyama wenye magamba ya nje na miguu iliyogawanyika kwa viungo, yaani wadudu, buibui, kupe, tandu, kaa na wenzao, ni zaidi ya robo tatu ya spishi zote za wanyama zinazojulikana na wanasayansi.

Gharama ya kuvaa kiunzi

Hata hivyo, gamba likishakauka halinyumbuki wala halipanuki. Ni sawa na mtoto aliyevishwa viatu vya chuma. Mguu hukua lakini kiatu hakikui, kwa hivyo njia ni moja tu: kukivua na kuvaa kingine kikubwa zaidi.

Kabla ya siku hiyo kufika, mwili wa kaa hufyonza sehemu ya kalsiamu iliyo katika gamba kuukuu na kutandaza jipya, laini kama ngozi, chini yake. Kisha kaa hunywa maji, akavimba, na gamba kuukuu likapasuka kwa upande wa nyuma. Hapo hujivuta kinyumenyume, akaitoa miguu, magando na hata vifuniko vya macho. Utando ulio ndani ya sehemu ya tumbo lake pia hutoka. Anachokiacha nyuma ni kaa kamili asiye na mtu ndani.

Baada ya hapo huendelea kujijaza maji ili kulitanua gamba jipya kabla halijawa gumu. Siku hizo ndizo za hatari zaidi maishani mwake. Hawezi kupigana, hawezi kubana kwa gando, na kaa wenzake wenye magamba magumu wako tayari kumla. Ndiyo maana wafugaji huwatenga kila mmoja katika chumba chake. Lakini wakati huohuo wa udhaifu ndio wakati wa neema: kaa jike wa mikokoni hupandwa punde tu baada ya kuvua gamba, angali laini, huku dume likimlinda. Isitoshe, kaa aliyepoteza gando katika vita huweza kuota jingine, ambalo huongezeka ukubwa kila anapovua gamba.

Si lazima mtu aende pwani ili kuliona jambo hili. Mende mweupe anayeonekana mara mojamoja jikoni usiku, na ambaye wengi hudhani ni wa aina ya ajabu, kwa kawaida ni mende wa kawaida aliyevua gamba muda mfupi uliopita. Saa chache baadaye rangi yake ya kahawia hurejea gamba linapokauka.

Hapa inafaa kuondoa utata mmoja. Katika Kiswahili husemwa kwamba nyoka hujivua gamba, na msemo huo umeingia hata katika siasa. Lakini nyoka huvua tabaka la juu la ngozi yake tu. Kiunzi chake kiko ndani, nacho ni uti mrefu wa mgongo wenye pingili mia mbili au zaidi, ambao hauvuliwi kamwe. Anayejivua kiunzi kwa kweli ni kaa, nzige au buibui.

Funzo la tunutu

Kwa mkulima na mfugaji, elimu hii si ya darasani pekee. Mnamo Desemba 2019, makundi ya nzige wa jangwani yaliingia Kenya kupitia kaskazini mashariki, na uvamizi huo, uliodumu hadi 2021, ukatajwa kuwa mbaya zaidi nchini kwa miaka 70. Maeneo ya malisho na mashamba katika kaunti kadhaa za kaskazini yaliharibiwa.

Nzige wa jangwani akianguliwa huwa hana mabawa ya kurukia. Huitwa tunutu, naye hutembea na kurukaruka ardhini. Ili akue hana budi kuvua gamba, kwa kawaida mara tano, na ni baada ya mara ya mwisho tu ndipo anapopata mabawa kamili. Hata hapo haondoki papo hapo, kwa kuwa mabawa na gamba lake huhitaji siku kadhaa kukauka kabla ya kustahimili safari ndefu.

Hii ndiyo sababu wataalamu husisitiza kwamba vita dhidi ya nzige huwa rahisi zaidi wangali tunutu. Kundi linalotembea ardhini laweza kufuatwa na kunyunyiziwa dawa mahali pamoja, ilhali lililopata mabawa laweza kuvuka kaunti nzima kwa siku moja. Isitoshe, zipo dawa ambazo hazimuui mdudu kwa sumu ya kawaida, bali humzuia kutengeneza khitini. Tunutu aliyekula dawa hiyo hufika wakati wa kuvua gamba akakosa jipya la kuvaa, naye hufa. Dawa hizo hazina nguvu hiyo juu ya nzige mzima, ambaye havui gamba tena.

Kwa nini hakuna mende mkubwa kama ng'ombe

Gharama nyingine ya kiunzi cha nje ni ukubwa. Mwanasayansi Galileo Galilei wa Italia alieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1638 kwamba mnyama hawezi kuongezwa ukubwa bila umbo la mifupa yake kubadilika. Mnyama akiongezwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo, uzito wake huongezeka mara nane, lakini unene wa miguu inayoubeba uzito huo, ukipimwa kwa eneo la mkato wake, huongezeka mara nne tu. Ndiyo sababu miguu ya ndovu ni kama nguzo, ilhali ya swara ni kama fimbo.

Kwa mnyama mdogo, gamba la nje ni jepesi na imara, kama bomba la chuma lililo tupu ndani. Lakini kadiri anavyokuwa mkubwa, ndivyo gamba linavyolazimika kuwa nene na zito. Zaidi ya hayo, mende mwenye uzito wa ng'ombe angevua gamba lake, angeporomoka kwa uzito wake mwenyewe kabla jipya halijakauka. Namna wadudu wanavyopumua, kwa mirija midogo inayopeleka hewa moja kwa moja mwilini, pia huwawekea mpaka.

Katika nchi kavu, mnyama mkubwa zaidi wa kundi hili anayeishi leo ni kaa wa minazi, ambaye hupatikana katika visiwa vya Bahari ya Hindi na Pasifiki, kikiwemo Chumbe kule Zanzibar. Huweza kufikia uzito wa kilo nne hivi. Baharini, ambako maji husaidia kuubeba mwili, kaa buibui wa Japani huweza kutanua miguu yake hadi karibu mita 3.7. Lakini hao ni wadogo mbele ya wenye mifupa. Ndovu dume wa Afrika huweza kufikia tani sita, naye nyangumi wa buluu hupita tani 150.

Nyumba zisizovuliwa

Si kila mwenye ganda la nje huvua. Konokono na chaza walipata suluhisho lingine. Ganda lao la kalsiamu halibani mwili pande zote, kwa hivyo mnyama hukipanua kibanda chake kwa kuongeza ukingo mpya mlangoni kila anapokua. Mistari inayoonekana kwenye ganda la konokono ni kumbukumbu ya ujenzi huo. Kazi hiyo hutaka kalsiamu nyingi, na ndiyo maana konokono wakubwa wa Afrika Mashariki huonekana wakikwangua kuta zilizopakwa chokaa.

Matumbawe nayo ni wanyama wadogo wanaojenga viunzi vya chokaa chini ya miili yao. Mnyama hufa, kiunzi hubaki, na mwingine hujenga juu yake, hadi mwamba mzima unatokea. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na vivyo hivyo nyumba za kale za Lamu na magofu ya Gede. Kwa maneno mengine, kuta hizo ni viunzi vya wanyama. Joto la bahari la mwaka wa 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe hai katika Pwani ya Kenya, na mwamba usiojengwa upya humomonyoka polepole, samaki wakakosa makao na fuo zikakosa kinga dhidi ya mawimbi.

Kobe ndiye huwachanganya wengi. Kwa kumtazama mtu angemweka pamoja na konokono, lakini gamba la kobe ni mfupa. Mbavu na uti wake wa mgongo vimepanuka na kuungana na gamba hilo, kisha vikafunikwa kwa vigae vya dutu iliyo sawa na ya kucha. Hivyo basi kobe hawezi kutoka katika gamba lake, kama vile mtu asivyoweza kutoka katika mbavu zake, na gamba hilo hukua pamoja naye. Umma ulipovutiwa na urafiki wa Owen, kiboko aliyeachwa yatima na mawimbi ya Desemba 2004, na Mzee, kobe mkubwa wa bustani ya Haller Park mjini Mombasa, wengi waliwaona kuwa viumbe wasiolingana kwa lolote. Kimifupa, hata hivyo, wawili hao ni wa ukoo mmoja: wote wana fuvu, uti wa mgongo na mbavu.

Wapo pia wasio na kiunzi kigumu kabisa. Nyungunyungu husimamisha mwili wake kwa maji yaliyobanwa ndani, kama mpira wa maji uliojazwa. Pweza hana mfupa hata mmoja. Sehemu ngumu zaidi mwilini mwake ni mdomo unaofanana na wa kasuku, na hiyo ndiyo sababu hupenya katika tundu dogo la mwamba. Papa ana kiunzi cha ndani, lakini ni cha gegedu, dutu laini kama ile iliyo katika sikio la binadamu.

Mfupa ni kiungo hai

Faida kubwa ya kiunzi cha ndani ni kwamba hakitupwi. Mifupa mikavu inayotupwa machinjioni humfanya mtu aidhanie kuwa kitu kisicho na uhai kama mbao, lakini mfupa ulio mwilini ni kiungo hai, chenye mishipa ya damu na seli. Seli za aina moja huubomoa kidogokidogo, na za aina nyingine huujenga upya, kiasi kwamba kiunzi cha mtu mzima huwa kimefanywa upya karibu chote kwa muda wa miaka kumi hivi. Ndiyo sababu mfupa uliovunjika huunga. Ndani yake, katika uboho, hutengenezwa seli za damu. Isitoshe, mifupa ni ghala: asilimia 99 hivi ya kalsiamu ya mwili imo humo, na damu ikipungukiwa, mwili huichota kutoka ghalani.

Mtoto huzaliwa akiwa na vipande karibu 300 vya mifupa na gegedu, ambavyo huungana polepole hadi mtu mzima anapobaki na mifupa 206. Mifupa mirefu hurefuka penye tabaka za gegedu karibu na ncha zake. Tabaka hizo zikifunga, mtu hawi mrefu tena. Alama hiyo hudumu hata baada ya kifo. Mnamo 1984, mtafiti Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mabaki ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Wataalamu waliochunguza kiunzi chake waliweza kusema alikufa akiwa mtoto, kwa sababu ncha za mifupa yake zilikuwa bado hazijaungana.

Malipo ya mpango huu ni mawili. Kwanza, nyama iko nje bila ngao, kwa hivyo mwiba unaoteleza kwenye gamba la kaa humchoma mtu hadi damu. Pili, mfupa hutegemea kile unacholetewa. Mtoto asiyepata kalsiamu ya kutosha, au vitamini D ambayo mwili huitengeneza kwa msaada wa jua, mifupa yake hubaki laini na miguu ikapinda kwa uzito wa mwili. Matege ya aina hiyo hutokea hata katika nchi za jua kali, hasa mahali ambapo watoto hushinda ndani ya nyumba za msongamano. Katika baadhi ya sehemu za Bonde la Ufa, madini ya floraidi yaliyozidi katika maji ya visima huyageuza meno kuwa ya kahawia, na kwa wanaoyanywa kwa miaka mingi huidhuru hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita.

Wala gharama hizo haziishii utotoni. Akiba ya mifupa hufikia kilele mtu akiwa na umri wa miaka 30 hivi, kisha huanza kupungua, na kwa wanawake hupungua kwa kasi zaidi baada ya hedhi kukoma. Mfupa usiotumika pia hudhoofika: wanaanga wanaokaa miezi mingi angani, ambako hawahisi uzito wa miili yao, hupoteza zaidi ya asilimia moja ya mfupa wa nyonga na mapaja kila mwezi wasipofanya mazoezi.

Mambo yanayohitajika si ya gharama kubwa. Uji wa wimbi una kalsiamu nyingi kuliko wa mahindi. Maziwa yanayo, na omena pia, kwa sababu huliwa mzima, nyama na mifupa yake. Yaani kiunzi cha samaki mdogo hugeuka kuwa kiunzi cha mtoto. Zaidi ya hayo ni jua na kucheza.

Kaa hupewa nafasi nyingi za kulaini na kukaza gamba lake, na kila mara huanza upya. Binadamu hana bahati hiyo. Mifupa aliyoijenga akiwa mtoto na kijana ndiyo itakayombeba uzeeni. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa mfupa wa mtoto usemi huo si wa malezi pekee.